Nusu Shiva, Nusu Parvati: Umoja Unaosomwa Vibaya

Katika pango kuu la kisiwa cha Elephanta, safari fupi ya boti kutoka Mumbai, iko sanamu iliyochongwa ndani ya mwamba wenyewe yapata karne ya 6. Upande wake wa kulia ni mwanamume: kifua bapa, mkono umemwegemea fahali Nandi. Upande wa kushoto ni mwanamke: titi limejaa, nyonga imechomoza, mkono wa juu umeshika kioo. Sehemu ya chini imevunjika, lakini kilichosalia kinatosha. Hawa si watu wawili waliosimamishwa bega kwa bega. Ni kiwiliwili kimoja, shingo moja, uso mmoja wenye utulivu. Wahindu humwita Ardhanarishvara, Bwana ambaye nusu yake ni mwanamke. Ndiye Shiva na ndiye Parvati, mungu na mungu mke, wasiotenganika.

Kwetu huku, mtu akiona picha ya namna hii hukumu huwa imeshapita kabla hajauliza. Wamempa Mungu mke, atasema. Basi miungu ni wawili, na huko ndani watakuwa maelfu. Tumeishi na Wahindu katika pwani hii kwa karne nyingi. Mji Mkongwe wa Unguja, mtaa wa Hurumzi, lipo hekalu lenye jina la Shiva na Shakti kwa pamoja, na watu hupita mlangoni pake kila siku. Vitambaa vyao tumevaa, viungo vyao tumepikia, hata methali tumewatungia, ile ya Baniani mbaya kiatu chake dawa. Wanachokiamini ndicho ambacho hatujakaa tukakiuliza.

Hata hivyo, ubishi mkali zaidi juu ya umoja huu haupo kati yetu na wao. Upo kati yao wenyewe, na kati ya wasomi wanaoichunguza dini yao. Upande mmoja unasema kwamba katika Uhindu mungu na mungu mke ni uhalisia mmoja, na kwamba kumtaja mmoja ni kumtaja mwenzake. Upande wa pili unasema umoja huo ni jina zuri la kumezwa: mke ameingizwa ndani ya mwili wa mume, akapewa upande wa kushoto, na mwishowe anayeitwa Bwana ni yule yule. Tena, wanaongeza, tazama hali ya wanawake wa nchi hiyo, uniambie huo umoja umewafaa nini.

Hoja hiyo ya pili ni nzito na nitaifikia. Lakini naona inatolewa mara nyingi na watu ambao hawajasikiliza kwanza ni swali gani fundisho hili linalijibu.

Swali lenyewe kila anayeamini Mungu mmoja analijua. Ikiwa Aliye Juu habadiliki, hapungukiwi na kitu, hana kabla wala baada, basi anatendaje? Ulimwengu huu wenye mvua na mauti na watoto wanaozaliwa umetoka vipi kwa yule asiyesogea? Upanishadi, maandiko ya kale ya hekima ya Wahindu, zinasema uhalisia wa mwisho ni Brahman, ambaye si mume wala mke. Shvetashvatara Upanishad inamwambia waziwazi: wewe ni mwanamke, wewe ni mwanamume, wewe ni kijana na ni msichana, wewe ni mzee anayekwenda akiyumba kwa mkongojo. Brihadaranyaka, iliyo ya kale zaidi, inasimulia kwamba hapo mwanzo ilikuwapo Nafsi peke yake, kubwa kama mwanamume na mwanamke waliokumbatiana. Ikajigawa vipande viwili, wakawa mume na mke. Umoja, basi, ndio uliotangulia. Wawili wamekuja baadaye, kutoka ndani yake.

Kutoka hapo wanafikra wa Kishaiva na wa Kishakta, yaani wanaomwabudu Shiva na wanaomwabudu Mungu Mama, wakajenga jibu lao. Yule asiyesogea ana uwezo, na uwezo huo unaitwa Shakti, ndiye Parvati wa sanamu ile. Swali linalofuata ndilo kiini cha jambo lote: je, uwezo wa Mungu ni kitu kingine mbali na Mungu? Andiko la Kashmiri, Vijnana Bhairava, linasema uwezo wa moto wa kuunguza hauhesabiwi kuwa kitu tofauti na moto. Huwezi kuutoa moto ukabaki na kuunguza, wala huwezi kuuondoa uwezo wa kuunguza ukabaki na moto. Shiva ni moto, Shakti ni kuunguza kwake. Ukiwahesabu ni wawili kwa ajili ya kuwaeleza, sawa. Ukidhani wanaweza kuishi nyumba mbili, umekosea.

Msomaji aliyekaa kwenye darasa za tauhidi hapa atasikia kitu anachokijua. Wanazuoni wa Kiislamu walibishana kwa karne kadhaa juu ya sifa za Mwenyezi Mungu: elimu yake, uwezo wake, utashi wake. Je, ni dhati yake au ni ziada juu ya dhati? Mu'tazila waliogopa kwamba ukizifanya ziada umeingiza wa pili wa milele. Ash'ari na wafuasi wake wakasema sifa si Yeye wala si kitu kingine kisichokuwa Yeye. Sisemi mafundisho haya mawili ni sawa. Mwislamu hakuwahi kuipa sifa ya uwezo uso, jina na mahali pa kusujudia, na tofauti hiyo ni kubwa, haifichiki. Ninachosema ni kwamba swali lililowatoa jasho wanazuoni wa Basra na Baghdad ndilo lililowakesha wanazuoni wa Kashmir, na anayewaona hawa wa pili kuwa ni watu waliomtafutia Mungu mchumba hajaelewa walikuwa wakishughulika na nini.

Abhinavagupta, mwanafalsafa wa Kashmir aliyeishi kati ya karne ya 10 na ya 11, alilipeleka jambo hili mbali zaidi, akimfuata mwalimu wa mwalimu wake, Utpaladeva. Shiva ni nuru, wakasema, nuru ya ufahamu inayoangaza kila kitu. Lakini nuru isiyojitambua kwamba inaangaza haina tofauti na jiwe la bilauri: hupokea rangi ya chochote kilicho mbele yake na lenyewe halijui. Kinachomfanya Shiva awe hai, awe ufahamu kweli na si jiwe linalong'aa, ni kule kujitambua kwake. Na kujitambua huko ndiko Shakti.

Sasa tazama hoja hiyo inavyomweka mungu mke. Hakupewa kazi ya kumpamba mume. Amewekwa mahali ambapo, akiondoka, mume anabaki kuwa kitu kisicho na uhai. Wimbo wa Saundaryalahari, ambao mapokeo yanauhusisha na mwanafalsafa Shankara ingawa wasomi wengi wana shaka juu ya hilo, unaanza kwa kusema kwamba Shiva akiungana na Shakti ana uwezo wa kuumba, na asipoungana naye hawezi hata kutikisika. Ndio ubeti wa kwanza kabisa wa wimbo unaoimbwa hadi leo majumbani kusini mwa India, na mshairi ameona inafaa kuanza na udhaifu wa Mungu pasipo mungu mke.

Wapinzani hawanyamazi hapo, na wana haki. Wanasema: sikiliza lugha yenu. Ni Shakti "ya" Shiva. Ni uwezo, na uwezo huwa wa mtu fulani. Shule ya Sankhya, mojawapo ya falsafa kongwe za India, iliugawa uhalisia kati ya Purusha, yule anayefahamu na asiyetenda, na Prakriti, maumbile yanayotenda lakini yasiyofahamu. Purusha ni mwanamume na Prakriti ni mwanamke. Mgawanyo huo, ufahamu kwa mume na udongo kwa mke, umewaingia Wahindu wengi mpaka kwenye mifupa. Halafu uko huo upande wa kushoto. Sisi wenyewe tunajua uzito wa mkono wa kulia, kwa hiyo hatuhitaji kufafanuliwa. Katika ndoa ya Kihindu bibi harusi hukaa kulia kwa bwana harusi, na nadhiri zikishakamilika huhamia kushoto kwake, mahali pa mke. Mchongaji wa Elephanta alilijua hilo alipochagua nani awekwe wapi.

Hoja ya Sankhya naikubali kuhusu Sankhya. Ila Sankhya ni mafundisho ya uwili. Ndiyo yaliyokataa kwamba wawili hao ni mmoja. Kuyatumia kuushambulia umoja ni kumhukumu mtu kwa maneno ya mpinzani wake. Abhinavagupta aliuvunja mgawanyo huo alipomfanya Shakti kuwa ndiye kujitambua kwenyewe, jambo ambalo Prakriti ya Sankhya haliwezi kamwe.

Kuhusu nani ni wa nani, yapo maandiko yanayolijibu jambo hilo kwa ukali ambao wapinzani huwa hawautaji. Devi Mahatmya ni sehemu ya Markandeya Purana, kitabu cha kale cha simulizi za miungu, kazi inayokadiriwa kuwa ya karne ya 5 au ya 6, yenye beti 700, na husomwa nzima katika siku za Durga, yaani Mungu Mama akiwa mpiganaji. Simulizi yake maarufu ni ya kuzaliwa kwa mungu mke. Miungu wameshindwa na Mahisha, shetani mwenye umbo la nyati. Ghadhabu yao inawatoka kama miali, miali inakusanyika, inakuwa mwanamke. Shiva anampa mkuki wake wenye ncha tatu, Vishnu anampa gurudumu lake la vita, Himalaya anampa simba wa kumpanda. Anakwenda, anamuua Mahisha.

Mtu akiishia hapo atasema: umeona, ametengenezwa kwa nguvu za wanaume na silaha za kuazimwa. Na kwa hakika wengi huishia hapo. Lakini katika andiko hilo hilo yupo mtu aliyemrushia maneno hayo hayo, naye ni shetani. Mbele kidogo Shumbha, aliyekwisha kupoteza majeshi yake na ndugu yake, anamdhihaki mungu mke: usijivune, unapigana kwa kutegemea nguvu za wengine. Wakati huo amezungukwa na kundi la miungu wa kike, kila mmoja akiwa ni uwezo wa mungu fulani: wa Brahma (mungu muumbaji, si yule Brahman wa Upanishadi), wa Vishnu, wa Indra na wengineo. Jibu lake ni fupi. Mimi peke yangu ndiye niliyepo ulimwenguni. Nani mwingine yupo zaidi yangu? Tazama, hawa ni nguvu zangu mwenyewe, wanarudi ndani yangu. Wote wanaingia katika mwili wake, anabaki mmoja uwanjani, kisha anamuua Shumbha.

Nimeirudia simulizi hiyo kwa kirefu kwa sababu inageuza swali la umiliki juu chini. Nguvu zilizoitwa za Brahma, za Vishnu na za Indra zilikuwa zake tangu mwanzo. Na hata kabla ya hapo, katika kisa cha kwanza cha kitabu hicho, Vishnu amelala juu ya maji na mashetani wawili wanataka kumla Brahma. Brahma hamwamshi Vishnu. Anamwomba mungu mke, kwa sababu usingizi uliomshika Vishnu ni yeye. Anapojitoa machoni na kifuani mwa Vishnu, ndipo Vishnu anaamka na kupigana. Mtungaji wa maneno hayo hakuwa akimtafutia Mungu msaidizi wa nyumbani.

Kwa hiyo umoja huu umesomwa kutoka pande zote mbili ndani ya India yenyewe. Mshaiva anasema yote ni Shiva, na Shakti ni uwezo wake. Mshakta anasema yote ni Mama, na Shiva ni utulivu wake. Wote wawili wanakubali kwamba hakuna mpasuko kati yao. Kalidasa, mshairi mkuu wa Kisanskriti, alifungua utenzi wake Raghuvamsha kwa kuwasujudia Parvati na Shiva, wazazi wa ulimwengu, walioshikamana kama neno na maana yake. Na wafuasi wa Chaitanya, mtakatifu wa Bengal wa karne ya 15 na ya 16, wanafundisha kwamba mungu Krishna na mpenzi wake Radha ni nafsi moja iliyojigawa miili miwili ili iwepo nafasi ya kupendana. Hapo wawili wapo kwa ajili ya mapenzi, na sababu hiyo naiona nzuri kuliko nyingi nilizosoma.

Ushahidi unaoniridhisha zaidi kwamba jambo hili halikuwa mapambo ni kwamba watu waligombana juu yake mpaka wakagawanyika. Washri-Vaishnava wa Tamil Nadu, wafuasi wa mwanateolojia Ramanuja, wanamwabudu Vishnu pamoja na mkewe, mungu mke Lakshmi. Kwenye paji la uso huchora mistari miwili myeupe, nyayo za Vishnu, na katikati mstari mwekundu au wa manjano, ambao ni Lakshmi. Lakini Lakshmi huyo ni nani hasa? Wavadakalai, wanaomfuata Vedanta Desika aliyezaliwa 1268, wanashika kwamba hana mipaka kama Vishnu asivyo na mipaka, na kwamba wawili hao kwa pamoja ndio njia ya wokovu na ndio mwisho wake. Watenkalai, wanaomfuata Pillai Lokacharya, wanasema la: Lakshmi ni nafsi iliyotukuka kuliko zote, ni mama anayemwombea mwenye dhambi, lakini anayeokoa ni Vishnu peke yake. Ugomvi huo, pamoja na mambo mengine kadhaa, umewatenga mpaka leo, na ukitazama vizuri paji la uso wa mtu utajua yuko upande gani, kwa sababu mistari myeupe ya Mtenkalai ina mguu unaoshuka puani. Watu hawagawanyi mahekalu kwa ajili ya tamathali ya usemi.

Mapokeo ya wananchi nayo yana kisa chake. Mwenye hekima Bhringi alimpenda Shiva tu, hakutaka kumzunguka Parvati kwa heshima. Parvati akaketi karibu na mumewe ili Bhringi asipate nafasi ya kumzunguka mmoja bila mwingine. Bhringi akajigeuza nyuki apite katikati. Ndipo Shiva akaungana na mkewe wakawa mwili mmoja. Bhringi bado akang'ang'ana atoboe njia, na Parvati akamlaani apoteze damu na nyama, kwa kuwa hivyo ndivyo mtoto anavyovipata kwa mama. Ikabaki mifupa isiyoweza kusimama, mpaka akahurumiwa akapewa mguu wa tatu. Kusini mwa India utamwona amechongwa hivyo, mifupa yenye miguu mitatu, pembeni mwa Shiva. Ni onyo kwa yeyote anayemtaka Mungu bila nusu yake.

Sasa nije kwenye hoja ambayo watetezi wengi huikwepa, nami sitaki kuikwepa.

Sensa ya India huhesabu wasichana wa umri wa miaka 0 hadi 6 kwa kila wavulana 1,000. Kwa maumbile, idadi hiyo ingekuwa karibu na 950. Mwaka 1991 ilikuwa 945. Mwaka 2001 ikashuka hadi 927. Mwaka 2011 ikafika 918, na hii ni baada ya sheria ya 1994 iliyokataza kupima jinsia ya mimba. Nyuma ya tarakimu hizo kuna mashine za ultrasaundi, kuna mimba zilizotolewa kwa sababu tu mtoto alikuwa wa kike, na kuna vichanga waliozaliwa wakaachwa bila matunzo. Mpinzani anauliza: watu wanaosema Mungu ni nusu mwanamke wanawezaje kufanya hivi?

Jibu la haraka la watetezi ni kutaja Bengal, nchi ya Durga na Kali, maumbo mawili ya Mungu Mama, ambako mwaka 2011 idadi ilikuwa 956, dhidi ya 834 ya Haryana. Mahali Mama anapoabudiwa, wanasema, mabinti wanaishi. Natamani ingekuwa hivyo. Lakini Jammu na Kashmir, ambako mamilioni hupanda mlima kwa miguu kwenda kwenye hekalu la mungu mke Vaishno Devi, ilikuwa 862. Na Gujarat, asili ya sehemu kubwa ya Wahindu wa Afrika Mashariki, ilikuwa 890. Hao Wagujarati ndio wanaocheza ngoma ya garba usiku tisa wa Navratri, sikukuu ya Mungu Mama, katika vijiji vya kwao na vilevile Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Wanazunguka chungu cha udongo chenye matundu na taa inayowaka ndani yake, na chungu hicho kwao ni tumbo la uzazi la Mungu Mama. Kuzunguka tumbo la Mama usiku tisa, na huku katika jimbo hilo hilo matumbo ya mama wa kawaida yanapimwa ili kujua kama kilichomo kinastahili kuishi: sijui mtetezi gani anaweza kuitazama picha hiyo akapita.

Wala tarakimu hizo haziusaidii upande wa pili kwa urahisi unaodhaniwa. Punjab, jimbo lenye Masingasinga wengi kuliko Wahindu, watu ambao dini yao inakataza sanamu na haina mungu mke, ilikuwa 846, chini hata ya Gujarat. Kerala, yenye Wahindu wengi pamoja na Waislamu na Wakristo, ilikuwa 964. Kinachofuatana na tarakimu hizi ni mambo ya kidunia: ardhi inayorithiwa na wana wa kiume, binti anayeolewa akahamia mbali na kwao, na mali ambayo familia ya bibi harusi huitoa kwa upande wa bwana harusi, kinyume cha mahari ya kwetu. Mahali mambo hayo yanapokaza, mabinti hupungua, awe Mungu ana umbo la mama au hana umbo lolote. Umoja wa Shiva na Shakti haukuwaua mabinti wa Haryana. Pia haukuwaokoa.

Mtetezi anaweza kujaribu kujiponya kwa kusema haya ni mafundisho juu ya Mungu, hayahusiani na jamii. Mlango huo umefungwa na maandiko yenyewe. Devi Mahatmya, katika sura yake ya 11, inamwambia mungu mke kwamba wanawake wote ulimwenguni ni maumbo yake. Wote. Wa hekaluni na wa jikoni, na yule ambaye hajazaliwa. Kwa hiyo anayelishika fundisho hili na huku akamdharau mwanamke amelivunja fundisho lenyewe, na hahitaji kuletewa kipimo kutoka Ulaya ili aonekane na kosa.

Mgongano huo unaonekana waziwazi katika jambo la hedhi. Juu ya kilima cha Nilachal, Guwahati, katika jimbo la Assam, kuna hekalu la Kamakhya. Mapokeo yanasema mwili wa Sati, mke wa kwanza wa Shiva, ulianguka vipande vipande katika sehemu ambazo kwa kawaida huhesabiwa 51, na hapo ndipo kilipoanguka kiungo chake cha uzazi. Ndani hakuna sanamu. Kuna ufa katika mwamba, unaolowa maji ya chemchemi. Kila mwaka mwezi wa Juni, katika siku za Ambubachi, hekalu hufungwa siku tatu kwa kuwa mungu mke yuko katika hedhi. Milango ikifunguliwa mahujaji hupewa vipande vya kitambaa chekundu kama baraka. Na kwa kuwa wawili hawatengani, kila mahali pa Sati pana Shiva wake wa kumsindikiza: yule wa Kamakhya yuko Umananda, kisiwani katikati ya mto Brahmaputra.

Nenda upande wa pili wa nchi, kwenye hekalu la Sabarimala huko Kerala. Kwa miaka mingi wanawake wa umri wa miaka 10 hadi 50 walizuiwa kuingia. Tarehe 28 Septemba 2018 Mahakama ya Juu ya India iliamua, majaji wanne dhidi ya mmoja, kwamba zuio hilo linakiuka katiba. Aliyepinga uamuzi huo alikuwa jaji pekee mwanamke katika jopo, Indu Malhotra, akisema mahakama haipaswi kuwapimia waumini mantiki ya ibada zao. Waumini wa huko wana maelezo yao: Ayyappa, mungu wa hekalu hilo, ameshika useja wa daima, na kuna mahekalu mengine ya Ayyappa ambayo wanawake huingia bila shida. Maelezo hayo nayaheshimu. Lakini umri huo, tangu binti avunje ungo mpaka hedhi ikome, unaeleza jambo ambalo useja wa Ayyappa pekee haulielezi, na katika nyumba nyingi za Kihindu zisizohusiana kabisa na Sabarimala mwanamke aliye katika siku zake haruhusiwi kugusa madhabahu ya nyumbani. Damu inayopokewa Guwahati kama baraka ndiyo inayomtoa mama mbele ya madhabahu yake mwenyewe. Hapa wapinzani wako sahihi, na wako sahihi kwa sababu fundisho la umoja liko upande wao.

Yuko mtu mmoja aliyelichukua fundisho hili akalitenda nyumbani kwake. Ramakrishna, kuhani wa hekalu la Kali la Dakshineswar karibu na Kolkata, ambalo mjane tajiri Rani Rashmoni alilifungua 1855, alifundisha maisha yake yote kwamba Brahman na Kali ni mmoja: akitulia ni Brahman, akitenda ni Kali, kama nyoka ni yule yule amejikunja au anakwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1870, usiku wa sikukuu ya Kali, alimketisha mkewe Sarada Devi kwenye kiti kilichoandaliwa kwa ajili ya mungu mke, akamfanyia ibada kamili, akaweka miguuni pake matunda ya ibada zake zote na tasbihi yake. Ramakrishna alikufa 1886. Sarada aliishi mpaka 1920, akawapokea na kuwafundisha wanafunzi, wanaume kwa wanawake, na watawa wasomi wa Bengal wakamsujudia mwanamke wa kijijini ambaye elimu yake ya shule ilikuwa ndogo sana. Vivekananda, mwanafunzi mkuu wa Ramakrishna, alitaka utawa wa wanawake uanzishwe kwa jina la Mama huyo, tena uongozwe na wanawake wenyewe. Alikufa 1902 bila kuuona. Sarada Math ulianza 1954, ng'ambo ya mto kutoka utawa wa wanaume wa Belur, na baadaye ukawa na uongozi wake kamili usio chini ya wanaume. Kati ya kifo cha Vivekananda na siku hiyo imepita miaka 52, na hiyo ni mingi mno kwa jambo ambalo mwalimu alikwisha kulitenda kwa mikono yake mbele ya mkewe.